Sifa za Atticus, bili ya Tom Robinson

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la familia mtu kafowadi tena ile habari inayorudi kila baada ya miezi kadhaa kama homa ya vipindi, kwamba Marekani wamepiga marufuku "To Kill a Mockingbird", riwaya ya Harper Lee, eti Wazungu hawataki watoto wao wajue babu zao walifanya nini. Kabla hata ya mtu kufungua hiyo linki meseji zilishafika arobaini, shangazi anasema mnaona sasa, binamu anasema ndo maana historia yetu tuiandike wenyewe, kila mtu kapandisha. Kisha mpwa wangu anayesoma sekondari huko huko Marekani akaandika mstari mmoja: "Anko mbona sisi ndo tunakisoma darasani saa hizi?" Ukapita hivyo hivyo, hakuna aliyemjibu, hasira zikaendelea.

Mimi naona wanaolia kwamba kitabu kimefungiwa na wanaotaka kitoke darasani wanagombania mtu mmoja tu, wakili Atticus Finch, ni shujaa au sio shujaa, na hapo ndo wote wanapotea njia. Ukikisoma kitabu chenyewe taratibu, bila muvi kichwani, utakuta kina watu wenye ujasiri mzito kuliko wa Atticus na wengi wao ni weusi, na bei ya ujasiri wao wanailipa wenyewe, kwa kazi, kwa njaa, mmoja kwa risasi. Atticus anapata sifa, Tom Robinson anapata bili. Kwangu mimi ishu kubwa ni kwamba kwa miaka zaidi ya sitini watu wamefundishwa kukisoma kama dawa ya usingizi, ukifunga ukurasa wa mwisho unajisikia mtu mwema na unalala.

Tuanze na hiyo "marufuku" yenyewe. Januari 2022 bodi ya shule za wilaya ya Mukilteo, jimbo la Washington, ilikitoa kitabu kwenye listi ya vitabu vya lazima kwa darasa la tisa. Walioomba hivyo ni walimu, na mwalimu anayetaka kuendelea nacho karuhusiwa aendelee. Duluth kule Minnesota walifanya karibu hivyo hivyo 2018. Sasa kufuta ulazima na kupiga marufuku ni vitu viwili, ni kama mama kasema leo sio lazima ule ugali halafu wewe unatoka nje unatangaza nyumbani wamefungia ugali. Biloxi, Mississippi, mwaka 2017 ilikuwa mbaya zaidi, pale walikikatisha darasa la nane wakati masomo yanaendelea kwa sababu lugha yake inawakwaza watu, kelele zilipozidi wakakirudisha kwa wanafunzi wenye ruhusa ya wazazi. Lakini ukitaka kuona kufungiwa kwenyewe rudi 1966, kaunti ya Hanover, Virginia, bodi ya shule ilikiita kitabu cha uchafu, na Harper Lee akaandika barua gazetini akaambatanisha na mchango mdogo, akaomba hela hiyo itumike kuwaandikisha wanabodi darasa la kwanza. Wale wa 1966 walikuwa wanaona kitabu kimesema mengi mno. Hawa wa Mukilteo wanaona kimesema machache mno. Malalamiko yamegeuka kichwa chini miguu juu, ila kwenye WhatsApp yote yanaitwa jina moja.

Kwa ambaye hajakisoma, hadithi inasimuliwa na mtoto wa kike, Jean Louise Finch, wanamuita Scout, katika mji wa kubuni unaitwa Maycomb, jimbo la Alabama, miaka ya 1930 wakati uchumi umeanguka. Baba yake Atticus ni wakili mjane, jaji anampa kesi ya kumtetea Tom Robinson, mwanaume mweusi mwenye mke na watoto, anayeshtakiwa kumbaka Mayella Ewell, binti wa Kizungu kutoka familia maskini kuliko zote za Wazungu pale mjini. Ushahidi unajionyesha wenyewe. Mayella alipigwa zaidi upande wa kulia wa uso, yaani aliyempiga alitumia mkono wa kushoto, na Tom mkono wake wa kushoto umekufa tangu utotoni ulipokamatwa na mashine ya kuchambua pamba, wakati baba yake Mayella, Bob Ewell, akipewa karatasi asaini pale mahakamani anaandika kwa kushoto mbele ya watu wote. Kesi inaamuliwa na juri, raia kumi na wawili, sio kama wazee wa baraza wa kwetu waliokuwa wanamshauri jaji tu, hawa neno lao ndo hukumu, na hapa wote ni wanaume wa Kizungu, wengi wakulima. Wanakaa masaa kadhaa, wanarudi, ana hatia. Tom anapelekwa gerezani na huko anapigwa risasi akijaribu kukimbia, na mwishoni Bob Ewell anawavizia watoto wa Atticus gizani anauawa yeye.

Kitabu kilitoka Julai 1960, kikachukua Tuzo ya Pulitzer 1961, muvi ikaja 1962 na Gregory Peck akapata Oscar kwa kumuigiza Atticus. Harper Lee alizaliwa 1926 Monroeville, Alabama, na baba yake, Amasa Coleman Lee, alikuwa wakili kweli, mwaka 1919 aliwatetea weusi wawili, baba na mwanae, kwenye kesi ya mauaji ya muuza duka Mzungu, wakanyongwa wote wawili. Naye Harper alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi pale Alabama ilipotikiswa na kesi ya Scottsboro, Machi 1931, vijana tisa weusi waliokuwa wamedandia treni ya mizigo wakashushwa na kushtakiwa kuwabaka wasichana wawili wa Kizungu waliokuwa kwenye treni hiyo hiyo. Ndani ya wiki mbili hivi tangu wakamatwe wanane walishahukumiwa kifo. Msichana mmoja, Ruby Bates, baadaye alisimama mahakamani kuikana hadithi yote na bado juri likasema wana hatia. Kwa hiyo mambo ya Maycomb hayakutoka hewani.

Sasa wanaokitetea wanasema nini, na nitawapa haki yao maana wana hoja. Wanasema mtoto wa miaka kumi na tatu humuingizii ubaguzi wa rangi kwa takwimu, unamuingizia kwa hadithi ambayo mtoto mwenzake anaangalia watu wazima anaowapenda wakifanya uovu, tena watu wanaomsalimia kila siku, wanaoenda kanisani, wanaoleta keki jirani akifiwa. Hilo riwaya hii inalifanya vizuri kuliko vitabu vingi ninavyovijua. Kuna mwalimu, Miss Gates, anawafundisha darasani jinsi Hitler anavyowaonea Wayahudi na kwamba Marekani hawabagui mtu, na Scout anakumbuka kuwa usiku ule wa hukumu alimsikia mwalimu huyo huyo akishuka ngazi za mahakama akisema ilikuwa wakati sasa hawa weusi wapewe fundisho. Mtoto anarudi nyumbani anauliza, inakuwaje mtu amchukie Hitler halafu awageukie watu wa nyumbani kwake? Kaka yake anamfokea anyamaze. Swali hilo kwa mtoto linafanya kazi ambayo semina kumi haziwezi. Halafu kuna ile maana ya ujasiri ambayo Atticus anawapa watoto wake kupitia bibi mmoja jirani, Mrs. Dubose, mwenye matusi kila siku, aliyekuwa mtumwa wa mofini, dawa kali ya maumivu, na akaamua kuiacha kabla hajafa ingawa anajua anakufa na maumivu yatamtafuna bure: ujasiri ni kuanza jambo unalojua umeshashindwa kabla hujaanza, na ukaenda nalo mpaka mwisho. Na Atticus anaiishi, anaenda kukaa na kiti chake na gazeti nje ya jela usiku, chini ya taa, kuwasubiri wanaokuja kumtoa Tom kumuua.

Wanaokipinga nao sio wajinga kama grupu letu linavyodhani. Mwaka 1992 profesa wa sheria Monroe Freedman aliwachokoza mawakili wa Marekani wote waliokuwa wanamuabudu Atticus, akawaambia mtu huyu kesi hii alipewa na jaji, hakuifuata, na miaka yote alikuwa mbunge wa jimbo na kiongozi wa jamii pale mjini hajainua kidole dhidi ya vyoo, makanisa na viti vilivyotengwa kwa rangi. Mwandishi Malcolm Gladwell 2009 akaongezea jingine, kwamba mwisho wa kitabu Atticus na mkuu wa polisi wanakubaliana kusema Bob Ewell kaangukia kisu chake mwenyewe ili kumlinda Boo Radley, jirani Mzungu mwenye aibu aliyewaokoa watoto, maana yake sheria ambayo haikuweza kupindishwa hata inchi moja kwa Tom asiye na kosa imekunjwa kama shuka kwa Mzungu. Na kuna pale Atticus anapowaelezea watoto habari za Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu waliojifunika mashuka kuwatisha na kuwaua weusi, anasema lilikuwepo zamani ila lilikuwa zaidi jambo la siasa, anasimulia kwa kuchekesha jinsi Myahudi mmoja, Sam Levy, alivyowaaibisha kwa kuwaambia hayo mashuka mliyovaa niliwauzia mimi. Ukisoma hiyo ukiwa mweusi wa Alabama sidhani kama utacheka. Hoja yao nzito zaidi ni ya sauti: kitabu kinahusu mauaji ya mtu mweusi lakini mweusi haongei vya kutosha, humjui Tom anapenda nini, anaogopa nini, hujui alimuambia nini mkewe usiku wa kuamkia kesi. Tunamjua kwa mkono wake uliokufa kuliko tunavyomjua yeye.

Hapa mara nyingi watetezi wanakimbilia hoja yao dhaifu kuliko zote, nayo ni ile ya "zama zile". Eti usimpime mtu wa 1935 kwa mizani ya leo, Atticus alifanya yote yaliyowezekana kwa Mzungu wa Alabama wakati ule. Inasikika kama busara mpaka uangalie Alabama yenyewe ya wakati ule. Juni 1933 jaji Mzungu wa jimbo hilo hilo, James Horton, alikaa na ushahidi wa madaktari wa kesi ya Scottsboro akaona haubebi, akaifuta hukumu ya kifo ya Haywood Patterson, mmoja wa wale vijana tisa, kwa mkono wake. Kule majaji wanapigiwa kura, uchaguzi uliofuata, 1934, wakamtoa. Huyo alikuwa mtu wa kweli, mwenye familia na shamba, na alijua. Sasa sikiliza hii, na kwangu ndo msumari. Kesi ya Tom ukihesabu miaka ndani ya kitabu inaangukia kiangazi cha 1935. Aprili mosi ya mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imetoa uamuzi wa kesi ya Norris dhidi ya Alabama, kwamba kuwaondoa weusi kwenye juri kwa makusudi ni kuvunja katiba. Dhidi ya Alabama, sio dhidi ya jimbo la mbali. Wakili wa vijana wa Scottsboro, Samuel Leibowitz, alionyesha majina ya weusi yalivyochomekwa kwenye daftari la juri baadaye ili ionekane walikuwepo, na majaji wa mahakama hiyo wakaiangalia hiyo wino kwa kioo cha kukuzia. Wakili yeyote wa Alabama aliyekuwa anasoma magazeti kiangazi kile alijua. Atticus anasimama mbele ya juri la Wazungu kumi na wawili na hilo halimtoki mdomoni.

Tena kuna mazungumzo baada ya hukumu, mwanae Jem anauliza kwa nini watu kama sisi na jirani yetu Miss Maudie hatukai kwenye juri, Atticus anamjibu Miss Maudie hawezi kwa sababu ni mwanamke. Wanacheka kidogo wanaendelea. Hakuna kwenye hiyo meza anayeuliza mbona Mchungaji Sykes, wa kanisa la weusi pale mjini, hawezi. Sijui kama Harper Lee aliliacha tundu hilo kwa makusudi au lilimponyoka naye, ila lipo, na mwalimu mzuri angeweza kukaa hapo kipindi kizima.

Na kama tunaongelea nini kiliwezekana Alabama miaka ile, basi tusiwaangalie Wazungu peke yao. Kinyozi mmoja wa Montgomery, Raymond Parks, alikuwa anachangisha hela za kuwatetea vijana wa Scottsboro kwa siri, mkewe baadaye alisimulia mkutano uliofanyika nyumbani kwao, meza ndogo imejaa bunduki, watu wanaongea kwa kunong'ona, na yeye amekaa kwenye ngazi za nyuma kajiinamia magotini. Huyo mke ni Rosa Parks, yule aliyekataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi 1955. Kwa hiyo wakati wa Tom Robinson kulikuwa na weusi wa Alabama ambao hawakuwa wanasubiri wakili mwema. Hao kwenye riwaya hawamo kabisa, na hapo wapinzani wako sahihi kwa asilimia zote.

Lakini siwafuati mpaka mwisho. Wanaposema weusi wa kitabu hiki ni mapambo tu ya kumpamba Atticus nadhani wamekisoma kwa haraka ile ile ya wanaokiabudu. Chukua pale Tom kizimbani. Mwendesha mashtaka anamuuliza kwa nini alikuwa anamsaidia Mayella kazi bure, kupasua kabati, kuchota maji, na yeye hapewi hata senti. Tom ana majibu mia ya kujificha nyuma yake, angeweza kusema ni adabu tu, angeweza kusema aliogopa kukataa. Anasema ukweli, alimuonea huruma, alikuwa anamuona anahangaika peke yake kuliko wenzake wote nyumbani. Mwendesha mashtaka anamrudishia hilo neno kwa sauti, wewe, ulimuonea huruma yeye? Na mahakama nzima inaelewa kwamba kesi imekufa pale pale. Huruma huwa inashuka, inatoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini, mweusi kumhurumia Mzungu maana yake kajiweka juu yake walau kwa dakika moja, na hilo kwa Maycomb lilikuwa kosa kubwa kuliko ubakaji wenyewe ambao nusu yao walijua haukutokea. Atticus mwenyewe kwenye hotuba yake ya mwisho analitaja hilo wazi kwamba mteja wake alithubutu kumhurumia mwanamke wa Kizungu. Tom alikuwa amekula kiapo cha kusema kweli na akaisema, na alikuwa na cha kupoteza kuliko mtu mwingine yeyote kwenye chumba kile. Ukiniuliza kilele cha ujasiri cha kitabu hiki kiko wapi, nitakuonyesha hapo kabla sijakuonyesha kile kiti cha nje ya jela.

Halafu nenda kanisani, sura ya 12. Calpurnia, mpishi na mlezi wa watoto wa Atticus, anawapeleka kanisani kwao weusi, First Purchase, wanaliita hivyo kwa sababu lilinunuliwa kwa hela za kwanza za watumwa walioachiwa huru. Siku za wiki Wazungu wanalitumia kuchezea kamari. Vitabu vya nyimbo hamna, karibu wote hawajui kusoma, kwa hiyo mwanae Calpurnia anasimama mbele anasoma mstari na kanisa zima linaimba mstari ule ule baada yake, mstari kwa mstari mpaka wimbo uishe. Kisha Mchungaji Sykes anachangisha hela za Helen, mke wa Tom, ambaye hakuna anayempa kazi tena tangu mumewe akamatwe. Anahesabu, haijatosha, anaamuru milango ifungwe, hakuna anayetoka hapa mpaka zifike dola kumi. Anaita watu kwa majina. Senti kwa senti zinafika. Fikiria dola kumi mwaka 1935 kwa watu ambao wengi wanaishi kwa kufanyia kazi Wazungu, na kumchangia mke wa mtu anayeshtakiwa kumbaka Mzungu sio jambo la kufanya milango wazi. Na asubuhi ya baada ya hukumu jikoni kwa Atticus meza haionekani kwa vyakula vilivyoletwa alfajiri, nyama ya nguruwe, kuku, nyanya, maharage, mikate, watu ambao mtu wao ameshindwa wanamlisha wakili wake. Atticus anatokwa na machozi, anasema waambiwe wasifanye tena, maisha magumu mno saa hizi. Ukiangalia picha ile ukamuona Atticus tu, kosa sio la mwandishi.

Na Helen mwenyewe. Baadaye anapata kazi kwa Link Deas, mwajiri wa zamani wa mumewe, lakini njia ya kwenda kazini inapita kwa akina Ewell na wanamtupia vitu, kwa hiyo kila siku anazunguka karibu maili nzima zaidi, kwenda na kurudi, hamuambii mtu, mpaka Deas mwenyewe anagundua anakuja juu na kwenda kumfokea Bob Ewell getini kwake. Hiyo maili imo kwenye kitabu kwa mistari michache sana. Mi kila nikifika hapo nasimama.

Hata kifo cha Tom kinasomwa vibaya. Watu wanasema kaondolewa tu ili hadithi iishe. Atticus alikuwa amemuambia rufaa ipo, kuna nafasi nzuri, asubiri. Tom akapanda uzio wa gereza mchana mbele ya walinzi, risasi kumi na saba, walinzi wenyewe wanasema angekuwa na mikono miwili mizima angevuka. Na Atticus anaporudi nyumbani na habari hiyo anasema nadhani Tom alichoka na bahati za kupewa na Wazungu akaamua kujaribu ya kwake. Wakili anayeaminiwa na nchi nzima anakiri jikoni kwake kwamba mteja wake hakuiamini mahakama, na mteja alikuwa na sababu zote.

Ndo maana ilipotoka "Go Set a Watchman" Julai 2015, riwaya nyingine ya Harper Lee, aliyoiandika kabla ya hii na ikakaa miaka, mimi sikushangaa kama wengine. Mule Jean Louise ni mtu mzima wa miaka 26, anarudi kutoka New York, anamkuta baba yake amekaa kwenye mkutano wa baraza la Wazungu wanaopinga kuchanganya shule, na yeye anamuangalia kutoka roshani ile ile ya juu ya mahakama alipokaa utotoni na watu weusi siku ya kesi. Watu walilia wamechafuliwa Atticus wao, wengine walikuwa wamewapa watoto wao jina hilo. Ila mtu aliyewasikiliza vizuri Atticus na yale masihara yake ya Klan alikuwa ameshamuona huyu mzee anakuja.

Sasa kwa nini haya yote yana uzito nje ya darasa la fasihi? Kwa sababu Monroeville ipo na mahakama yake ya zamani imekuwa makumbusho, na kila majira ya machipuko wenyeji wanaigiza hadithi hii palepale, watalii wanakuja kwa mabasi. Kaunti hiyo hiyo, Juni 1987, polisi walimkamata Walter McMillian, mweusi mkata magogo, kwa mauaji ya msichana Mzungu aliyekuwa anafanya kazi kwa dobi. Siku ya mauaji McMillian alikuwa nyumbani kwake kwenye shughuli ya kukaanga samaki kuchangia kanisa, waliomuona ni makumi ya watu, wengi wao weusi. Wakampeleka kitengo cha wanaosubiri adhabu ya kifo kabla hata hajahukumiwa. Kesi 1988 ilichukua siku moja na nusu, juri likapendekeza kifungo cha maisha, jaji akalipindua akaandika kifo. Jina la jaji lilikuwa Robert E. Lee Key, na mimi sijatunga hilo. Wakili Bryan Stevenson alimtoa 1993, baada ya miaka sita, na ameandika jinsi watu wa mji ule walivyomuambia kwa fahari atembelee makumbusho ya riwaya yao wakati mteja wake anasubiri kiti cha umeme.

Sisemi riwaya ilimfunga McMillian. Nasema mji mzima ulikuwa unakijua kitabu kwa moyo, mistari ya Atticus wanaitamka bila karatasi, na makumi ya mashahidi weusi waliosema mtu huyu alikuwa nasi anakaanga samaki hawakusikika, kwa sababu walichojifunza kwenye kitabu ni kumpenda wakili, kumsikiliza Tom hawakujifunza. Ukishajiona wewe ni Atticus huwezi tena kujiona kwenye lile juri.

Kwa hiyo kwa Mukilteo, kama ningekuwa na kura, ningepiga na walimu, kisiwe cha lazima, na kisiwe peke yake, maana kitabu kimoja cha Mzungu mmoja hakiwezi kubeba habari za weusi wa Alabama peke yake, na Mzungu huyo hakuwahi kudai kinabeba. Lile neno la kuwatukania weusi lililojaa mule nalo sio la kulifanyia mzaha, mtoto mweusi mmoja katikati ya darasa la watu thelathini, linasomwa kwa sauti mara ya kumi na wote wanageuza shingo kumuangalia, mwalimu asiyeona hilo bora afundishe hesabu. Ila kukitoa kwa sababu kinakwaza, kama walivyosema Biloxi, hapana, jambo la namna ile lisipokukwaza una tatizo lingine.

Nilimuandikia mpwa wangu pembeni, nje ya grupu, nikamuambia, mama, usianze na mahakama, anza na sura ya 12, ya kanisani, soma mara mbili halafu uniambie. Akajibu baada ya muda: "Anko hiyo mwalimu alituambia turuke, eti haina uhusiano na kesi."